UFA WA MLANGONI SI DENI LA FUNDI

Ndugu wanachama,

Sisi tunaoandika ni mafundi wa majengo ya reli, maseremala na wapiga lipu. Mtauliza, mafundi wa reli wafanya nini Isiolo, mji usio na reli? Ni kweli. Njia yetu yakoma Nanyuki, nayo ilifunguliwa tena mwaka 2020 baada ya kulala miaka mingi. Na ile reli ya kutoka Lamu, ambayo mradi wake ulizinduliwa kwa shangwe mwaka 2012 na ambayo ingepita hapa, haijatuletea hata taruma moja. Lakini kazi ya ujenzi iko. Tangu mwaka 2013 Isiolo ni makao ya serikali ya kaunti, na barabara ya lami imefika Moyale. Ofisi, zahanati, maduka na vyumba vya wageni vyaongezeka. Kazi ikipungua kwetu, fundi hupanda gari, hushuka Isiolo, na hupewa kazi ya kugawanya vyumba.

Kazi hiyo siku hizi si ya matofali. Ni ya nguzo za bati na bodi za jipsamu. Ukuta husimama kwa siku mbili, hupakwa rangi, mwenye ofisi huingia na meza zake. Baada ya mwezi mmoja au miwili ufa hutokea kwenye pembe ya juu ya mlango, ukapanda kwa mshazari kama umeme wa mvua mpaka kwenye dari. Mwenye ofisi humwita kontrakta. Kontrakta huja, hutazama, halafu humtafuta fundi. Hamtafuti aliyechora, wala aliyenunua vifaa, wala nyapara aliyesema "maliza leo." Amtaka fundi peke yake. Kontrakta mmoja, ambaye jina lake twaliacha, aliwakata wenzetu wanne mshahara wa wiki nzima kila mtu kwa sababu ya milango mitatu. Shauri hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Twasema waziwazi: ufa ule ulikuwa umekwisha tengenezwa kabla ya fundi kufungua ndoo ya fila. Chanzo chake chajulikana, na dawa yake yajulikana. Mwenye kukataa kulipia dawa hana haki ya kumtoza fundi gharama ya ugonjwa. Ili mtu asituambie kwamba twapiga kelele tu, tutaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, hata mwanachama ambaye hajapata kushika bodi aweze kuamua.

TABIA YA JIPSAMU

Bodi ya jipsamu ni jiwe lililosagwa, likachomwa mpaka likapoteza sehemu kubwa ya maji yake, kisha likachanganywa na maji mengine likawa uji, na uji huo ukamwagwa katikati ya karatasi mbili nzito ukaganda. Jiwe hilo si geni katika nchi yetu. Liko El Wak katika kaunti ya Mandera, liko na Kajiado. Chaki nyingi za shule hutengenezwa kwa kitu hicho hicho. Kila mmoja wetu aliyekaa mbele ya ubao wa misheni aijua tabia ya chaki: ukiisimamisha mezani na kuikandamiza kwa kidole huvumilia, ukiipinda hukatika mara moja bila kukuonya.

Bodi nayo ni hivyo hivyo. Yavumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa. Nguvu yake ya kukataa kuvutwa imo katika karatasi zake mbili, si katika ule unga. Sasa, mahali bodi mbili zinapokutana karatasi imekatika. Hapo hapana nguvu nyingine ila utepe na fila tunayoitia kwa mikono yetu. Basi kiungo ndicho mahali dhaifu katika ukuta mzima, hata kama kimepigwa msasa kikawa laini kama kioo. Rangi yaweza kukificha kiungo, lakini haiwezi kukitia nguvu.

KWA NINI UFA HUPENDA PEMBE YA MLANGO

Ukuta mzima usio na tundu hauna taabu nyingi, kwa kuwa nguvu zinazoutikisa hutawanyika kila upande. Ukitoboa tundu la mlango, nguvu hizo hulazimika kulizunguka tundu, nazo hujikusanya kwenye pembe. Jambo hili si la bodi tu. Shati huanza kupasuka kwenye pembe ya mfuko, na kwa hiyo mshoni hupiga nyuzi za ziada hapo. Sisi wa reli twajua kwamba nyufa nyingi za mwisho wa reli huanzia kwenye matundu ya bolti. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Kiingereza, aina ya Comet, zilivunjika angani zikaanguka baharini karibu na Italia. Wataalamu walipochunguza mabaki ya moja yao waliona kwamba ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika bati la mwili wa ndege. Ikiwa pembe ya tundu yaweza kuangusha ndege, itashindwaje kupasua karatasi na chaki?

Tena mlango ni kitu cha kupigwa. Ninyi mliopata kukaa Isiolo mwaujua upepo wake na vumbi lake. Mlango ukiachwa wazi upepo huukamata na kuubamiza hata madirisha yakalia. Pigo hilo huingia katika fremu, kutoka fremu huingia katika nguzo, kutoka nguzo huingia katika bodi. Likikuta karatasi nzima hupita. Likikuta kiungo kimesimama juu ya pembe, hukifungua kidogo leo na kidogo kesho, mpaka siku moja mwenye ofisi anyanyue macho na kupiga simu.

Na kuna jambo la mbao. Fremu nyingi za hapa hutoka upande wa Meru na Mlima Kenya, kwenye baridi na mvua. Msaiprasi hukatwa, hupasuliwa na kuuzwa ungali mbichi. Ukiteremshwa katika joto kavu la Isiolo hunywea na kupinda. Fremu ikinywea huvuta nguzo iliyofungwa nayo, na nguzo huvuta bodi. Fundi aliyefunga fremu hiyo hakuikata yeye msituni, wala si yeye aliyekwenda kuinunua.

Hata mzee aliyejenga nyumba ya fito na udongo alilijua shauri hili. Zitazameni nyumba za namna hiyo: nguzo mbili za mlango ni nene kuliko fito nyingine zote, nazo zimechimbiwa chini zaidi. Hakusoma uhandisi, lakini alijua kwamba mlango hutaka nguzo zenye nguvu. Leo twapewa ramani iliyochapwa kwa mashine, na ndani yake nguzo ya mlango ni bati jembamba sawasawa na nguzo nyingine yoyote ya ukutani.

KAZI INAYOTAKIWA

Sasa twaeleza namna ya kuzuia ufa. Mwenye masikio na asikie, na kontrakta asome pia.

Kwanza, miimo ya mlango. Nguzo inayoshika fremu kila upande iwe mbili zilizofungwa pamoja, au moja ya bati nene zaidi, au iliyotiwa ndani yake mbao kavu ya kuijaza. Iende kutoka sakafuni mpaka juu kabisa, isikomee kwenye kimo cha mlango. Chini ifungwe imara, kwa misumari au bolti mbili, si moja. Fremu ya mlango ifungwe kwenye mwimo mahali patatu au zaidi kila upande: juu, katikati na chini. Ukiusukuma mwimo kwa bega kabla ya kufunga bodi, usichezecheze. Ukicheza leo, ufa utatokea kesho.

Pili, kizingiti cha juu. Chaneli ya juu ya mlango ikatwe ndefu kuliko upana wa mlango, izidi kwa sentimita 15 hivi kila upande, halafu masikio yake yakunjwe na kufungwa kwa skrubu kwenye miimo. Isiwekwe kipande kifupi kilichoning'inia kwa skrubu moja. Juu ya kizingiti zisimamishwe nguzo fupi kwa nafasi ile ile ya ukuta mzima, kwa kawaida sentimita 60, ili bodi ipate mahali pa kushika.

Tatu, kukata bodi, na hapa ndipo penye ugomvi wetu. Njia ya haraka ni kusimamisha bodi nzima mpaka ukingo wake ulingane na mwimo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kisha kujaza kipande kidogo juu ya mlango. Hakuna kinachotupwa, na kazi yaonekana nadhifu. Lakini sasa viungo viwili vimesimama juu ya pembe mbili, mahali penye nguvu nyingi kuliko pote. Huko ni kumchorea ufa njia yake. Njia ya haki ni kuipitisha bodi juu ya pembe na kuikata kwa umbo la bendera juu ya mlingoti, ili pembe ya mlango ifunikwe na bodi moja isiyokatika. Kiungo kiende juu ya mlango, kwenye nguzo fupi ya katikati, si chini ya sentimita 20 kutoka kwenye mwimo. Na msumeno ukome kwenye pembe. Ukipitiliza hata kwa kucha moja umekwisha kuanzisha ufa kwa mkono wako. Malizia kwa kisu, polepole.

Fundi wa njia ya reli lifahamu hili bila kufundishwa. Yeye hupanga reli zake ili kiungo kisiangukie mlangoni mwa daraja, kwa kuwa ajua pigo la gurudumu litakifanya nini hapo. Sisi twaomba ukuta nao upewe heshima hiyo hiyo.

Nne, upande wa pili wa ukuta. Kiungo cha upande mmoja kisikae mgongo kwa mgongo na kiungo cha upande mwingine. Kimoja kikiwa kwenye nguzo hii, cha pili kiwe kwenye nguzo nyingine. Hivyo kila penye udhaifu upande huu pana bodi nzima upande ule.

Tano, unene na skrubu. Bodi ya milimita 9 ni ya dari. Ukuta wahitaji ya milimita 12 au 12.5. Skrubu zipigwe kila sentimita 30 katikati ya bodi na kila sentimita 20 kwenye kingo, na ziwe sentimita moja hivi kutoka ukingoni. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu. Kikipasua karatasi, skrubu hiyo haishiki kitu. Piga nyingine kando yake. Chini, bodi iachwe juu ya sakafu kwa sentimita moja hivi, isinywe maji ya kupigia deki.

Sita, utepe na fila. Kila kiungo kitiwe utepe. Utepe wa karatasi ulazwe juu ya fila iliyo mbichi na ukandamizwe mpaka pasiwe na hewa chini yake. Utepe wa wavu wa kujibandika ni mwepesi kutumia, lakini hutaka fila ile ya unga inayoganda kwa kuchanganywa na maji, si ile laini ya ndoo ambayo hukauka tu. Kisha tungoje. Fila ya ndoo hutaka kama saa 24 baina ya koti moja na koti la pili. Katika joto la Isiolo uso wake hukauka upesi na kumdanganya mtu, kumbe ndani kungali na unyevu. Ikipakwa koti la pili mapema, hunywea baadaye na kupasuka. Haraka haraka haina baraka. Methali hii yapasa ibandikwe kwenye kila ndoo.

Saba, mlango wenyewe. Mlango mzito hutaka bawaba tatu na mwimo wenye nguvu zaidi. Uwekewe mpira wa kupokea pigo, na kizuizi cha sakafuni ili upepo usiubamize. Na mbao za fremu ziletwe mapema, zikae ndani ya jengo zizoee hewa ya hapa kabla ya kufungwa.

Hesabuni sasa. Katika mambo hayo saba, ni mangapi yaliyo mikononi mwa fundi peke yake? Kukomesha msumeno kwenye pembe, kulaza utepe, kupima skrubu. Hayo ni yetu kweli. Lakini nguzo za pili, bati nene, bodi ya 12.5, bodi ya ziada ya kukatia bendera, mbao kavu, siku ya kungoja fila: hayo yote yamo katika mfuko wa kontrakta na katika saa ya nyapara. Fundi hawezi kufunga nguzo ambayo haikununuliwa.

MANENO YA MABWANA NA MAJIBU YETU

Wasema: "Njia hiyo hula bodi." Ndiyo, hula. Bodi ikikatwa kwa umbo la bendera hubaki kipande. Lakini kipande hicho hufaa juu ya dirisha, juu ya mlango wa choo na kwenye kona fupi, akipatikana mtu wa kupanga kazi kabla ya kukata. Na walinganishe gharama ya kipande hicho na gharama ya kurudi: kufunika meza za watu, kukwangua kiungo, kutia utepe mpya, kungoja, kupiga msasa, kupaka rangi ukuta mzima kwa sababu kiraka hakifanani na rangi ya zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Kontrakta huyu hazibi ufa wala hajengi ukuta. Hufungua mfuko wa fundi na kuchukua humo.

Wasema: "Mbona kuta za fundi fulani hazipasuki?" Twajibu: nendeni mkatazame ndani ya kuta hizo. Mtakuta nguzo mbili kwenye kila mwimo, na mtakuta kwamba fundi huyo alipewa siku zake. Mpeni fundi wa Isiolo vifaa hivyo hivyo, kisha mlinganishe.

Wasema: "Jengo jipya lazima litulie, nyufa ni kawaida." Ndugu, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ndimi zao mbili zinapoonekana. Akizungumza na mwenye jengo, kontrakta husema ufa ni kawaida ya jengo, hakuna wa kulaumiwa, naye hupokea malipo yake yaliyosalia. Akigeuka kwa fundi, husema ufa ni uvivu wako, nami nitakata. Ufa ni ule ule, mlango ni ule ule, asubuhi ile ile. Ikiwa ni kawaida ya jengo, mshahara umekatwa kwa nini? Ikiwa ni kazi mbaya, mbona hakumwambia mwenye jengo?

Hatukatai kwamba majengo hutulia. Sakafu ya juu huweza kulegea kidogo ikabonyeza ukuta, na kwa hiyo fundi mzuri huacha nafasi ndogo juu ya nguzo na bodi pale ambapo mchoraji amesema hivyo. Lakini mchoraji asiposema, na nyapara akasema "banana mpaka juu," kosa hilo nalo haliwezi kuandikwa katika jina la fundi.

Wala hatuwatetei wavivu. Wako watu wanaojiita mafundi na hubandika utepe mkavu, hupitiliza msumeno kwenye pembe, kisha huficha yote kwa rangi. Hao huwapa mabwana fimbo ya kutupigia sisi sote. Chama si kichaka cha kujifichia. Mwanachama akielezwa namna ya kazi na akaifanya vibaya, wenzake wamwambie usoni, wamfundishe, asirudie. Lakini kufundishana si kukatana mishahara.

SHERIA YASEMAJE

Wengi wetu hudhani kwamba mwajiri ana ruhusa ya kukata apendavyo, kwa kuwa ameona wengine wakikatwa. Sivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, fungu la 19, yataja makato yanayoruhusiwa. Juu ya mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea, yasema mwajiri aweza kukata kiasi kinachostahili ikiwa uharibifu ule umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Lishikeni neno hilo: makusudi. Fundi aliyepewa bati jembamba, akaambiwa amalize jioni, akafunga bodi kama alivyoamriwa, amekusudia nini ila kula na watoto wake? Kumkata mtu huyo ni kumchukulia mali yake.

Fungu hilo hilo lasema makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Mwajiri mwingine huitumia sehemu hii kama ngao, akasema, "Mimi nimekata theluthi moja tu, nimo ndani ya sheria." La hasha. Kipimo hicho ni cha makato yaliyo halali. Kato lisilo halali ni haramu hata likiwa shilingi kumi. Na juu ya sheria hiyo iko Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, inayompa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama.

TUFANYE NINI

Twapendekeza mambo manne, nayo si magumu.

La kwanza: kabla ya kufunga bodi upande wa pili, nyapara aitwe aitazame mifupa ya ukuta, nguzo na kizingiti, na aandike katika daftari kwamba ameiona. Akikataa kuandika, piga picha kwa simu yako, kila mlango picha yake. Ukuta ukishafunikwa hakuna awezaye kuona ndani, na asiye na ushahidi hana kesi.

La pili: vifaa vikiwa pungufu, fundi aseme siku ile ile, mbele ya mwenzake mmoja, na aandike tarehe. "Tumeomba nguzo mbili za mwimo, tumepewa moja." Maneno machache kama hayo yatakufaa kuliko kelele nyingi za baadaye.

La tatu: yeyote atakayekatwa asinyamaze, wala asiende peke yake kumbembeleza kontrakta. Mtu mmoja hufukuzwa, na kesho yake mwingine husimama mahali pake. Aje kwa katibu wa tawi na karatasi zake, na chama kiende naye kwa afisa wa kazi. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine wengi, waliweka kazi chini kwa ajili ya mishahara. Walijua kwamba kuli mmoja akisema peke yake hasikiki. Sisi hatusemi leo tugome kwa ajili ya milango mitatu. Twasema tuende pamoja.

La nne: chama kiwaandikie makontrakta wote wanaochukua mafundi wetu, Isiolo na Nanyuki, kiwaambie kanuni tatu. Kwamba hapana kiungo cha bodi kitakachowekwa juu ya pembe ya mlango. Kwamba kila mwimo utapata nguzo zake mbili au bati lake nene. Kwamba fila itapewa siku yake ya kukauka. Anayezikubali atapata kuta nzuri na mafundi wasionung'unika. Anayezikataa aandike kwa mkono wake kwamba amezikataa, na ufa ukitokea aulipie kwa fedha zake.

Wale wenzetu wanne hawajarudishiwa fedha zao mpaka tunapoandika haya. Mmoja wao aliomba karo ya mtoto kwa jirani. Ile milango mitatu nayo imezibwa kwa fila, bila kuongezwa nguzo hata moja, na kiungo kingali juu ya pembe pale pale. Upepo wa Isiolo haujakoma. Nyufa zitarudi, na tusipokuwa tayari, fundi mwingine ataitwa alipe.

Kwa hiyo twamwomba katibu wa tawi alete shauri hili katika mkutano ujao, na kila mwanachama aliyepata kukatwa kwa ajili ya ufa wa mlango alete tarehe, kiasi alichokatwa, na aeleze alipewa vifaa gani. Tukiyakusanya yote tutakwenda nayo kwa afisa wa kazi kwa siku moja.

Ni sisi wenzenu,
Mafundi wa majengo ya reli tulioko Isiolo